"SAMALEKO" SI LAANA: HISTORIA YA MANENO SAFI YANAYOFANANA NA MATUSI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Somo la leo ni refu kidogo. Asiye na muda alihifadhi, alisome baada ya Isha akiwa ametulia.

Kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Umeshafika kwangu zaidi ya mara kumi, na kila mara unakuja na alama nyekundu na maneno "MWISLAMU JIHADHARI". Ujumbe unasema kwamba mtu akikuambia "Samaleko" au "Saam alekum", basi amekuombea kifo, na usimjibu. Wengine wameongeza kwamba anayeitikia salamu hiyo ameitikia laana.

Matunda yake nimeyaona kwa macho yangu. Katika kijiji kimoja cha Kisarawe, upande wa Maneromango, nilikwenda kwenye maziko. Mzee wa Kizaramo, umri umemla, meno ya mbele hana, akapita kwenye jamvi anatoa mkono kwa kila mtu: "Samaleko, samaleko." Kijana mmoja aliyekaa karibu nami akarudisha mkono wake kifuani, akanyamaza. Mzee akabaki na mkono hewani. Baadaye nilimvuta kijana pembeni nikamuuliza sababu. Akafungua simu yake akanionyesha ujumbe ule.

Yule mzee anasali jamaa tangu kijana yule hajazaliwa. Salamu aliifundishwa na babu yake, na babu yake aliipokea hivyo hivyo kutoka kwa waliomtangulia. Akavunjiwa heshima msibani, mbele ya wajukuu zake, kwa kosa la kukosa meno na kukosa makharija.

Kwa hiyo leo tuizungumze habari hii kwa kituo. Maneno masafi kufanana na machafu ni jambo la zamani, na dini yetu ilishalitolea mwongozo.

1. SALAAM NA SAAM

Tuanze na lugha. Salaam ina herufi sin, lam, alif, mim, nayo ni amani. Saam haina lam, nayo ni mauti. Mtakumbuka hadithi ya habasoda katika Bukhari, kwamba ndani yake mna tiba ya kila ugonjwa isipokuwa saam, na wapokezi wakafafanua kuwa saam ni mauti. Kwa hiyo ni kweli kabisa kwamba neno hilo lipo, na ni kweli kwamba ukiidondosha lam unalikaribia.

Na ni kweli pia kwamba lilitumika kwa ubaya. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba kundi la watu katika Mayahudi wa Madina wa zama zile waliingia kwa Mtume (s.a.w.) wakamtolea salamu iliyopindwa, wakasema saam badala ya salaam. Bi Aisha (r.a.) akalinasa. Akawajibu kwa saam hiyohiyo na laana juu yake. Mtume (s.a.w.) akamtuliza, akamwambia kwamba Mwenyezi Mungu anapenda upole katika mambo yote. Bi Aisha akauliza kama hakusikia walichosema. Akamjibu kwamba amesikia, na ameshawajibu: amewaambia "wa alaykum", yaani na juu yenu pia. Basi, ikaishia hapo.

Sasa pima mwenyewe. Wale walikusudia tusi, na Mtume (s.a.w.) alilisikia na kulijua. Pamoja na hayo hakupandisha sauti na hakumfukuza mtu. Ikiwa huo ndio upole kwa aliyekusudia ubaya, itakuwaje kwa mzee wa Kisarawe ambaye moyoni mwake hamna isipokuwa amani? Wanazuoni wanaita hii kiyasi cha aula: jambo likithibiti kwenye hali nzito, kwenye hali nyepesi linathibiti zaidi.

Tena elewa neno hili limefikaje hapo lilipo. Kiswahili kina desturi ya kuyalainisha maneno ya wageni mpaka yakae vizuri mdomoni. Hakipendi neno liishie kwa konsonanti. Kitab tumekiita kitabu, waqt tumeuita wakati, dars tumeliita darasa. Salamu nayo ilipita njia hiyohiyo, kwa mabaharia, wachukuzi na wakulima: salaam alaykum, salamalekumu, salamaleko, samaleko. Si sisi peke yetu. Wafaransa waliisikia salamu hii kwa Waislamu, wakaibeba hadi kwao, na leo katika lugha yao "salamalecs" ni heshima za kupita kiasi, mtu anayeinama sana na kusalimia sana. Hakuna aliyekaa akapanga kuiua lam. Ulimi umepita njia fupi kama maji ya mvua yanavyotafuta bonde.

2. NENO "RAA'INAA" NA SOMO LA MADINA

Mtu atasema: sheikh, kwa hiyo tuache tu watu waseme wanavyotaka? Hapana. Na dalili yake iko ndani ya Qur'ani, Sura ya Al-Baqara, aya ya 104.

Masahaba walikuwa wakisikiliza mafundisho, na mtu akitaka Mtume (s.a.w.) ampe nafasi aelewe, husema "raa'inaa", maana yake tuangalie, tuchunge, tuvumilie kidogo. Ni neno safi la Kiarabu, mzizi wake ni uleule wa kuchunga. Lakini baadhi ya wapinzani pale Madina wakaliona lina mlango. Wafasiri wanaeleza kwamba katika ndimi zao lilifanana na neno la kutukana, na wengine wanasema ukilipinda kidogo linaangukia kwenye ru'una, yaani upumbavu. Wakawa wanalisema kwa kulipinda huku wanacheka. Habari ya kupinda ndimi imetajwa tena katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 46.

Aya ikashuka. Waumini wakakatazwa neno lile, wakapewa jingine lenye maana ileile: "undhurnaa", tutazame, tungojee. Neno hili halina mlango wa kupindwa.

Hapa ninawaomba mtulie, kwa sababu hapa ndipo lilipo somo lote la leo. Angalieni mambo mawili.

La kwanza: neno lilibadilishwa, ingawa lilikuwa safi. Hii ni dalili kubwa ya kanuni ya kuziba milango ya ubaya. Ukijua kwamba neno lako, pamoja na usafi wake, linampa mtu nafasi ya kutukana au linamchoma msikilizaji, na una neno jingine linalofikisha maana, basi chukua lile jingine.

La pili, na hili ndilo watu wa magrupu wamelisahau: masahaba waliokuwa wakilisema neno lile hawakuambiwa kwamba wamemtukana Mtume (s.a.w.). Hawakuambiwa walie na watubie kwa kila mara waliyolisema. Hakuna aliyetengwa. Walipewa neno bora na maisha yakaendelea.

Kwa hiyo kanuni ni hii: lirekebishe neno, wala usimhukumu msemaji. Ukilikosa la kwanza utakuwa mzembe, na ukilikosa la pili utakuwa dhalimu.

3. DARASA LINAPOCHEKA: NENO "KUNYA"

Tuje kwetu. Kila ustadhi aliyefundisha Pwani anaijua siku hii. Unafundisha sunna ya kumpa mtu jina la heshima la Abu fulani au Ummu fulani, na jina hilo kwa Kiarabu linaitwa kunya. Unasimama mbele ya watoto arobaini unasema kwa sauti, "Kunya ni sunna." Safu ya nyuma yote inaanguka chini.

Kwa Kiarabu neno hili lina utukufu. Mtume (s.a.w.) alimpa hata mtoto mdogo: yule mtoto aliyekuwa na ndege wake mdogo, ndege akafa, alimwita Abu Umayr akimliwaza, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Bi Aisha (r.a.) hakuzaa, lakini aliitwa Ummu Abdillah. Ni namna ya kumtukuza mtu, hata mtoto, hata asiye na mtoto.

Na neno letu la Kiswahili lenye sauti kama hiyo, nalo pia halikuzaliwa chooni. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaonyesha kwamba kitenzi "nya" kilikuwa na matumizi mawili: mvua kudondoka, na mtu kwenda haja. Waswahili wa zamani walisema mvua yanya, hakuna aliyecheka. Ndiyo maana mpaka leo tunasema mvua inanyesha, na "nyesha" ni mtoto wa "nya" kama "lisha" alivyo mtoto wa "la". Maana moja ikalichafua neno, ile nyingine ikahama nyumba ikakaa kwa mtoto. Leo tunasema kunyesha msikitini tukiomba mvua, wala hakuna anayehisi kitu.

Limetokea hivyo kwa neno jingine pia. Katika Kiswahili cha kale "nina" ni mama, na "nyoko" ni mama yako tu, kama tunavyosema mamako na babako. Lilikuwa neno la adabu. Wagombanao wakalitumia sana kutajiana mama zao, mpaka lenyewe peke yake likawa tusi. Leo ukilitamka kwenye kijiwe cha bodaboda pale Mailimoja utatafutiwa ngumi. Neno halikufanya kosa lolote. Watu walilitumikisha kazi chafu, likanuka.

Sasa darasani tufanye nini? Tufanye kama aya ilivyofundisha. Walimu wengi siku hizi wanaandika "kuniya" au "kun-ya" kwa kutenganisha, au wanasema "jina la Abu na Ummu". Hilo ni sawa na ni hekima. Lakini mtoto aliyecheka asipigwe bakora kwamba ameidharau sunna. Amesikia lugha ya mama yake. Mweleze historia hii mtoto huyo, atatoka darasani na elimu mbili badala ya moja.

4. JINA LA FARAJI

Hili linagusa nyumba zenu. Mama mmoja alinijia, naye ni wa Kisarawe, mwanawe ni darasa la tano na anasoma madrasa jioni. Mtoto anaitwa Faraji, jina la babu yake. Walipofika kwenye mlango wa tohara, mwalimu akataja farji, yaani tupu. Tangu siku ile wenzake hawamwachi. Mtoto akagoma kwenda madrasa, akagoma kuitikia jina lake hata nyumbani. Mama anataka kulibadilisha, na ukoo wa baba umekasirika kwamba anamfuta babu yao.

Nikamwambia: mama, kaa nikusimulie jina hili.

Kwa Kiarabu faraj ni faraja, kufunguka kwa dhiki. Neno letu la faraja limetoka hukohuko. Farj ni kitu kingine. Tatizo ni kwamba bila irabu, yote mawili yanaandikwa kwa herufi zilezile tatu: fa, ra, jim. Asili yao ni moja, maana ya uwazi na kufunguka, kisha kila moja likashika njia yake. Waarabu wameishi na hali hii karne zote wala hawakuliacha jina. Kadhi mmoja wa Iraq, al-Tanukhi, aliyefariki mwaka 994, aliandika kitabu mashuhuri chote ni visa vya watu waliofunguliwa baada ya shida, na neno faraj limo kwenye jina la kitabu. Hakuna mwanachuoni aliyelisoma vibaya akacheka.

Na hapa kwetu Pwani jina hili lina historia yake. Livingstone alipofariki mwaka 1873, katika kijiji cha Chitambo ambacho leo kiko Zambia, watu wake waliamua kumrudisha pwani. Wengi mnawajua Susi na Chuma. Lakini maiti haiwezi kubebwa miezi mingi bila kutengenezwa. Aliyeifanya kazi hiyo alikuwa mtu aliyeitwa Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja na kujifunza kwake. Farijala ni Farajallah, faraja itokayo kwa Mwenyezi Mungu. Kwa mikono yake msafara ule ulifika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874, hapa hapa mkoani kwetu. Sasa fikiria mtu amsome Farajallah kwa irabu mbaya. Litatoka neno ambalo Mwislamu hathubutu kulitamka. Je, kosa litakuwa la Farijala au la msomaji?

Ama sheria ya kubadilisha majina, Mtume (s.a.w.) aliangalia maana. Mwanamke aliyeitwa Aasiya kwa maana ya muasi alimbadilisha akamwita Jamila, na hiyo ni Sahihi Muslim. Mtu aliyeitwa Hazn, yaani mahali pagumu, alimshauri aitwe Sahl, yaani pepesi, akakataa, na hakulazimishwa. Jina lenye maana njema haliondolewi kwa sababu ya vicheko vya waliokosa irabu.

Tukafanya hivi: mwalimu aliingia darasani akawaandikia maneno yote mawili ubaoni, moja na fat-ha juu ya ra, jingine na sukuni. Akawauliza, nani kati yenu hajawahi kuomba faraja? Kisha akamwambia mtoto asimame, akamwita kwa jina lake kamili na la babu yake. Mtoto amerudi madrasa. Enyi walimu, irabu moja inaweza kumwokoa mtoto.

5. NENO LETU LILILOSAFIRI LIKAWA TUSI

Tumesema habari za kusikia vibaya. Sasa tuseme upande wa pili, maana haki ina pande mbili.

Kafara kwa Kiarabu asili yake ni kufunika. Mkulima anafunika mbegu, na katika Sura ya Al-Hadid, aya ya 20, neno kuffaar wafasiri wengi wamelieleza kwa maana ya wakulima wanaofurahia mazao. Kisha katika istilahi ya dini likawa la anayeifunika haki. Ni istilahi ya elimu, ina mahali pake na hukumu zake.

Waarabu na Waswahili waliokuwa wakisafiri pwani hii waliwaita hivyo watu wa bara na wa kusini ambao hawakuwa Waislamu. Vasco da Gama alipopita pwani yetu mwaka 1498, na Wareno waliomfuata, wakaliokota neno wakalifanya "cafre". Kwao halikuwa tena na habari ya imani. Likawa jina la mtu mweusi. Waholanzi na Waingereza wakalipokea kule kusini, na mwaka 1847 Waingereza walitangaza eneo zima wakaliita British Kaffraria. Katika enzi za ubaguzi likawa ndilo tusi kubwa la kumdhalilisha mtu mweusi, la kuitiwa kazini na kupigiwa.

Leo Afrika Kusini neno hilo ni kosa mbele ya sheria. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ililizungumzia kwa ukali katika kesi ya mfanyakazi wa mamlaka ya mapato aliyelitumia dhidi ya mkubwa wake. Mwaka 2018 mwanamke mmoja wa Kizungu aliyewatukana polisi weusi kwa neno hilo, tena na tena, alihukumiwa kifungo cha miaka 3, mmoja ukiahirishwa. Na hapohapo, kule Sri Lanka, wapo watu wenye asili ya Afrika ambao jina lao la jamii ni hilohilo, na kwao halina tusi.

Neno moja linafungisha jela hapa, na kule ni jina la ukoo. Ninawaambia haya hasa vijana wetu wanaokwenda Sauzi kutafuta maisha. Ukiwa Durban au Johannesburg unazungumza Kiswahili na mwenzako ukataja neno hilo kwa maana ya kidini, aliyekaa jirani hasikii fiqhi. Anasikia kiboko kilichompiga babu yake. Hapo kanuni ya raa'inaa inakuhusu moja kwa moja: una neno jingine, sema asiye Mwislamu, sema watu wa dini nyingine. Hujapoteza kitu.

Na hapa Kibaha je? Tunaishi nyumba moja ya kupanga na Wakristo, tunachota maji bomba moja, tunazikana. Vitabu vya madhehebu ya Hanafi vimetaja kwamba mtu akimwita Yahudi au Mmajusi "ewe kafiri", na jambo hilo likamuudhi, basi anapata dhambi. Tazama fiqhi hiyo: hawakusema kwamba istilahi ni ya uongo, walisema usimrushie mtu kama jiwe. Sisi ni Shafii, lakini adabu haina madhehebu.

6. WALIOSIKIA TUSI LISILOKUWEPO

Msidhani ni sisi tu. Washington, Marekani, Januari 1999, msaidizi wa meya alitumia neno la zamani la Kiingereza lenye maana ya ubahili, akizungumzia bajeti. Neno hilo linafanana na tusi kubwa wanalotukanwa watu weusi kule, ingawa asili zao ni mbalimbali. Malalamiko yakaenea, akajiuzulu. Baadaye ilipofahamika, meya akamrudisha kazini.

Mwaka 2020, katika Chuo Kikuu cha Southern California, profesa alikuwa anaeleza jinsi watu wa lugha mbalimbali wanavyojaza pengo wakitafuta neno. Sisi tunasema "nanii, nanii". Wachina husema neno lao lenye maana ya "ile, ile". Neno hilo masikioni mwa wanafunzi likafanana na tusi lilelile. Akaondolewa kwenye somo lile. Chuo kilipochunguza kikaona hakuvunja kanuni.

Wale wanafunzi nao usiwacheke. Mtu ambaye wazee wake walitukanwa kwa karne nyingi, sikio lake limejeruhiwa, linashtuka haraka. Jeraha lake lihurumiwe. Lakini kuhurumia jeraha ni kitu kimoja, na kumhukumu asiyekusudia ni kingine. Sura ya Al-Hujurat imetuamuru kuchunguza habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga, aya ya 6, na ikatukataza kuitana kwa lakabu mbaya, aya ya 11, na kudhaniana vibaya, aya ya 12. Aya ya 11 ni ya ulimi wako. Ya 6 na ya 12 ni za sikio lako.

7. KIBAHA NA KISARAWE, MCHANGANYIKO WA NDIMI

Kwa nini ninalisisitiza hapa kwetu? Kwa sababu mji wetu ni wa ndimi nyingi tangu zamani. Mwaka 1963 ulianza Kibaha mradi wa elimu, afya na kilimo wa Denmark, Finland, Norway na Sweden, ambao ndio chanzo cha Shirika la Elimu Kibaha la leo. Wageni wale walikuwa na neno lao la mwendo wa gari ambalo kwa Kiingereza ni lile jambo linalotengua udhu. Leo viwanda na reli vimeleta watu wa kila mkoa, na majirani kutoka nje pia. Mganda akitaka kusema "linda", neno lake linafanana na tusi letu zito la mwilini. Mjapani naye akimtaja dubu anasema neno ambalo Mswahili hawezi kulitamka mbele ya mama mkwe wake. Sitaliandika. Mnalijua.

Na Wazaramo walishakuwa na dawa yao. Tangu misafara ya Wanyamwezi inateremka pwani na pembe, ilijengeka jamaa ya utani. Mtani anakuja msibani anatukana maiti na wafiwa, na watu wanacheka katikati ya machozi. Masikio ya Mzaramo yamefundishwa kuuliza kwanza: anayesema ni nani kwangu, na anataka nini? Akishajua ni mtani, neno zito linakuwa jepesi. Uislamu umeuwekea utani mipaka: usiseme uongo, usidhalilishe, usiguse dini. Lakini lile swali la kwanza, kutazama nia kabla ya neno, ni swali la kisheria kabisa. Matendo ni kwa nia, na tusi ni tendo.

8. TUTENDEJE

Ewe unayesema: jifunze kuitamka salamu sawasawa. Ni ibada, na ina ujira kwa kila sehemu yake. Usiikate kwa uvivu wa ulimi na hali unao uwezo, wala usiandike "a.a" kwa mtu kama unamwandikia namba ya gari. Ukijua neno lako linamuumiza mtu, libadilishe, hata kama kamusi iko upande wako. Masahaba walikuwa na kamusi upande wao, na wakabadilisha.

Ewe unayesikia: ukisalimiwa "samaleko" na Mwislamu, itikia kikamilifu, "Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh", tena kwa sauti, asikie inavyotamkwa. Hapo umemjibu na umemfundisha bila kumwaibisha. Akiwa ni mzee, tanguliza "Shikamoo". Ukiwa na shaka na neno la mtu, muulize faraghani: "Samahani, ulikusudia nini?" Swali hilo dogo limeokoa ndoa na ujirani mwingi.

Na wewe mwenye simu: ujumbe ule ukikufikia, usiurushe mbele. Atakayeuamini atakwenda kuunyima mkono wa mzee wake. Anayeutuma anadhani anailinda salamu, kumbe anaiua. Kuitoa salamu ni sunna, kuiitikia ni wajibu, na hakuna mwanachuoni aliyesema wajibu huo unaanguka kwa sababu ya pengo la meno.

Ee Mola wetu, zisafishe ndimi zetu na masikio yetu. Utupe maneno yasiyochoma, na utupe mioyo isiyotafuta machomo. Wape faraja wote wenye dhiki, na uwarehemu wazee wetu waliotufikishia salamu hii kwa ndimi walizokuwa nazo. Aamin.

Wallahu a'lam.

Mwenye swali aliweke hapo chini kwa adabu, nitajibu baada ya darasa la Alfajiri, inshaallah. Mfikishie na mwenzako.

Ndugu yenu, imamu wa msikiti, Kibaha.